Heri Ipi Kwenye Kioo?

Jumatatu, 1 Desemba

Leo nimedhulumiwa mbele ya mikate.

Saa mbili na nusu asubuhi. Trei ya mwisho imetoka kwenye tanuri, tumekaa nyuma ya kaunta tunakunywa chai. Mama mkwe, ambaye duka ni lake, tanuri ni lake, na kwa kiasi fulani mume wangu bado ni wake, akatangaza mambo mawili. La kwanza: magoti yamemchosha, Januari anataka kukaa nyumbani, hivyo funguo za duka atazikabidhi, hakusema kwa nani. La pili: mwaka huu kioo cha mbele kiandikwe salamu za Desemba kwa rangi nyeupe, na keki zote zifuate maneno hayohayo. Mwandishi atakuwa wifi.

Wifi! Ana miezi mitatu tu tangu arudi nyumbani na masanduku yake mawili. Mimi nimeandika juu ya keki za duka hili miaka tisa. Harusi, ubatizo, kustaafu, pole ya kuvunjika mguu. Nakiri herufi zangu huteremka kidogo kuelekea kulia. Kidogo tu! Mteja mmoja aliwahi kusema jina la mwanawe linaonekana kama linashuka ngazi. Basi si lilifika chini salama?

Wifi akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, kwamba labda tuandike Heri ya Krismasi. Kabla hajafunga mdomo nikasema hapana, Heri ya Sikukuu. Mama mkwe akauliza kwa nini. Sikuwa na sababu hata ya dawa. Nikasema ni pana zaidi. Mwokaji wetu akauliza, pana kuliko kioo? Wakacheka wote. Mume wangu naye. Nimeyaona meno yake.

Msimamo wangu ni huo. Heri ya Sikukuu mpaka pumzi ya mwisho.

Jumatano, 3 Desemba

Nimepata sababu!

Nimevuka barabara kwenda kwa fundi cherehani, anayeagiza keki kubwa kila Desemba kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nikamchokonoa taratibu. Kumbe katika watu wake kumi na mmoja, watano hawasherehekei Krismasi. Mwaka jana walikula kwa adabu, lakini mmoja aliuliza kama keki ile ilikuwa ya wote au ya wale wenzao. Fundi akasema swali lile lilimkaa kooni mwezi mzima. Ikiandikwa Heri ya Sikukuu, alisema, kila mtu atakata kipande chake kwa raha.

Nilitaka kumkumbatia. Nikarudi mbio dukani na kumweleza mama mkwe kana kwamba wafanyakazi wale watano wamekuwa wakininyima usingizi mwaka mzima. Ninamjua mmoja tu. Aliwahi kunitengenezea zipu.

Mama mkwe akasema hilo ni jambo la kufikiria. Wifi alikuwa pembeni anakunja utepe, anasikiliza, hasemi. Ameishiwa!

Mwokaji hana upande. Anasema keki haijui kusoma. Mume wangu naye hana upande, kazi yake ni kupeleka mikate. Nimemnunia tangu saa nne asubuhi. Mpaka sasa hajagundua.

Ijumaa, 5 Desemba

Siku chungu.

Mama Mchungaji aliingia kuchukua mikate yake. Akasikia kuna mjadala. Akasema kama mwezi huu una jina, basi litajwe, yeye hawezi kula keki inayoona haya kusema Krismasi. Sawa, hayo ni mawazo yake. Lakini akamwona wifi anaandika lebo za biskuti. Akainua moja juu kwenye mwanga. Akasema mwandiko huu ungefaa kadi za harusi. Akamshika wifi shavu! Miaka tisa ananunua mikate kwangu, shavu langu halijawahi kuguswa.

Nikajitia unga umeniingia machoni, nikaenda stoo. Nimekaa juu ya gunia nikawaza. Nimetoka na mpango.

Nimechukua kopo tupu la biskuti nikatoboa tundu kwenye kifuniko. Sanduku la maoni! Kila mteja aandike salamu anayoitaka kwenye kikaratasi na kutumbukiza. Haki tupu, hakuna upendeleo. Mama mkwe ameupenda mpango. Ameniita mwenye akili. Mbele ya wifi!

Kopo nimeliweka upande wangu wa kaunta. Kwa usalama.

Jumamosi, 6 Desemba

Wateja ni wavivu wa kuandika. Mpaka adhuhuri, vikaratasi vinne tu. Imebidi nisaidie wale ambao kwa hakika wangeandika kama wangekuwa na nafasi. Nimepiga kura kumi na nne. Nimetumia kalamu tatu tofauti, na nyingine nimeandika kwa herufi kubwa kama mwanamume. Moja nimeweka kosa la tahajia, ili ionekane ya kweli.

Mwanamke mwenye mipango hashindwi na mwandiko mzuri!

Jumatatu, 8 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe alimwaga vikaratasi juu ya kaunta mbele ya sisi sote. Akavipanga. Heri ya Sikukuu, kumi na tisa. Heri ya Krismasi, saba. Nikaanza kujitengeneza uso wa unyenyekevu. Akavaa miwani. Akaviangalia tena. Akavuta kumi na vinne pembeni, kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

Kisha akasema, "Maoni haya yote yanateremka."

Mwokaji alikohoa mpaka akatoka nje. Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba ana mikate ya kupeleka, na gari lilikuwa tupu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini wifi akafungua mdomo! Akasema tusiyatupe maoni ya Sikukuu kwa sababu ya hesabu tu. Akasema tangu Jumatano amekuwa akiwaza habari za wale wafanyakazi wa fundi, hasa yule aliyeuliza keki ni ya nani. Amebadili mawazo. Kioo kiandikwe Heri ya Sikukuu, maana kioo ni cha barabara nzima, na anayetaka Krismasi kwenye keki yake mwenyewe aandikiwe hivyo.

Mama mkwe aliweka miwani chini. Akasema, "Mwanangu, una moyo mpana."

Pana! Neno langu! Wazo langu, fundi wangu, wafanyakazi wangu watano, zipu yangu, na sifa zote zimekwenda kwa wifi! Kijicho kimenipanda mimi!

Nikasikia sauti inasema Heri ya Krismasi ndiyo sahihi, na kwamba mtu hawezi kuionea haya siku yenye jina. Ilikuwa sauti yangu.

Jumatano, 10 Desemba

Mimi sasa ni mtu wa Krismasi. Nimekuwa hivyo tangu juzi na sitatetereka.

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Mchungaji kumpasha habari kwamba duka limemgeuka. Nilitegemea hasira. Nilitegemea wanawake kumi na watano mlangoni petu kesho. Akanikaribisha soda, akasema wifi alishapita jana jioni, wakazungumza vizuri sana. Yeye ameridhika. Keki yake itaandikwa Krismasi, kioo kiwasalimie na wengine. Akasema kuna busara katika ujana ule. Akaniuliza kama ningependa soda nyingine. Sikuipenda hata ya kwanza.

Nikirudi, fundi cherehani akaniita kutoka mlangoni kwake. Akaniuliza, kwa upole, ni kweli nimegeuka? Nikasema nimetafakari. Akasema sawa. Ila, akasema, alikuwa amewaambia wafanyakazi wake kwamba mke wa mwenye gari la mikate ndiye aliyewakumbuka, na wale watano walitaka kuja kunishukuru. Sasa hajui awaambie nini.

Nikamwambia nina mikate kwenye tanuri. Sikuwa na mikate kwenye tanuri. Nimevuka barabara bila kuangalia gari.

Jumamosi, 13 Desemba

Habari kubwa. Zahanati ya mtaa wa nyuma imeagiza keki ndogo arobaini, moja kwa kila mfanyakazi, za kuliwa Alhamisi ijayo saa kumi jioni kwenye sherehe yao ya kufunga mwaka. Maneno wametaka wenyewe: Heri ya Sikukuu. Mama mkwe anasema hatujawahi kupata oda kama hii, na watu arobaini ni vinywa arobaini vya kututangaza.

Mwandishi: wifi. Mimi: utepe.

Utepe! Nimefunga mafundo mawili ya mazoezi nikajifunga kidole.

Nimeona wifi anafanya mazoezi kwenye karatasi ya kuokea, mstari baada ya mstari, umenyooka kama umepigwa rula. Nikajaribu na mimi kwa siri, kwenye kitako cha trei. Herufi ya mwisho ilianguka nje ya trei. Mume wangu akapita akalamba krimu yote bila kusoma. Nikamuuliza ilikuwa imeandikwa nini. Akasema, "Tamu."

Jumatano, 17 Desemba

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa kuwa daftari hili halina mdomo.

Kwa kawaida maneno ya kila oda huandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani, juu ya meza ya krimu. Mwandishi ananakili kama yalivyo, hafikirii. Hii sheria iliwekwa baada ya mimi kuandika Hongera kwenye keki ya mtu aliyevunjika mguu. Basi jioni hii, tukifunga duka, nimeibandua karatasi ya zahanati na kubandika nyingine. Heri ya Krismasi. Nimeiga herufi za mama mkwe.

Kesho wifi ataandika keki arobaini zenye salamu isiyotakiwa. Zahanati watanung'unika. Mama mkwe atavaa miwani. Na funguo zitajua pa kwenda.

Si uovu. Ni kumpa mtu nafasi ya kukosea.

Alhamisi, 18 Desemba

Nataka kuandika yote.

Saa tatu asubuhi wifi alikuwa anatoa trei kwenye tanuri, kitambaa kikateleza, akaungua kifundo cha mkono wa kulia. Malengelenge makubwa. Mwokaji akamwekea maji ya baridi, mume wangu akamkimbiza kufungwa bandeji. Keki arobaini zimepangwa mezani, nyeupe, tupu, zinasubiri. Mama mkwe akanigeukia.

Akasema, "Mwanangu, shika mfuko. Leo ni wewe."

Sijui kama mtu anaweza kueleza furaha ya namna hiyo. Nilinawa mikono mara mbili. Nilifunga kitambaa kichwani upya. Nikakamata mfuko wa krimu kama mtu aliyekamata mtoto mchanga, nikaapa hakuna herufi itakayoteremka. Nikaangalia ukutani, nikanakili. Herufi moja, nyingine, nyingine. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mstari. Sikusoma neno hata moja. Sikupumzika hata kunywa maji. Saa nane na nusu nilimaliza ya arobaini, nikakaa, nikajisikia mkubwa.

Mume wangu akaja kupakia. Akainama juu ya boksi.

Akasema, "Si walitaka Sikukuu hawa?"

Nikaangalia keki. Nikaangalia ukuta. Nikaangalia keki. Keki arobaini, na zote kwa mkono wangu!

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni na bandeji yake. Akasogea, akaibandua ile karatasi. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Hata herufi za kuiga, Mungu wangu, zilikuwa zinateremka. Akaniangalia. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni.

Akaniambia, "Tuna saa moja na nusu. Mimi nitakwangua kwa kushoto, wewe andika."

Akamtuma mume wangu kwa fundi kuomba uzi. Akakwangua neno la mwisho kwa kisu kidogo, taratibu, asiguse lile la kwanza, akalainisha krimu. Kisha akavuta uzi juu ya kila keki, ncha moja kwenye kidole cha mkono mzima, ncha nyingine kwenye meno, ili nipate mstari wa kufuata. Keki arobaini, uzi menoni. Mate yalimkauka, hakulalamika. Na herufi zangu zikanyooka! Mara ya kwanza katika miaka tisa.

Tulipofika keki ya kumi na kitu mama mkwe aliingia. Akauliza kuna nini. Wifi akatoa uzi mdomoni akasema, "Tulikosea karatasi, Mama."

Tulikosea! Sisi! Neno lile limenikalia kifuani mpaka sasa.

Gari lilipoondoka, saa kumi kasoro dakika tano, tulikaa sote wawili juu ya magunia. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajipangusa krimu kwenye kiwiko. Akasema kule alikoolewa alikaa miaka sita, na hakuna aliyewahi kumbishia hata neno moja.

"Nilidhani wananipenda," akasema. "Kumbe walikuwa hawanisikii. Wewe, wifi, nikisema neno moja tu unaruka. Angalau najua nimesema."

Nililia juu ya unga. Nikamwambia mwandiko wake ni mzuri. Ilitoka kwa shida, kama jino, lakini ilitoka. Akacheka, akasema kuna wateja wamegoma kumwagiza yeye, wanauliza yuko wapi yule wa maneno yanayoteremka, kwamba keki za watoto wao zote zilikuwa hivyo, na iliyonyooka haitakuwa yao.

Sikujua hilo. Sikujua kabisa.

Jumatano, 24 Desemba

Zahanati wamesifu. Daktari mmoja alikuja mwenyewe kuagiza nyingine. Kioo kimeandikwa Heri ya Sikukuu, wifi kaandika nusu ya kushoto, mimi nusu ya kulia. Wafanyakazi wa fundi walivuka barabara wote kumi na mmoja kuchukua keki yao. Yule wa zipu alinishika mkono akasema asante kwa kutukumbuka. Mama Mchungaji alichukua yake ya Krismasi, akasimama nao pale mlangoni wakipiga soga kuhusu vitambaa.

Nikifunga kaunta mama mkwe akatuita. Akatoa funguo mbili. Moja akampa wifi, moja akanipa mimi. Akasema alikuwa amezichongesha mbili tangu mwezi wa kumi na moja, hakuwahi kufikiria kuchagua. Mwezi wa kumi na moja! Nikawaza kopo, kura kumi na nne, soda ya Mama Mchungaji. Nikaona haya hata kumtazama mwokaji.

Nimemkumbatia wifi mbele ya watu. Sina kinyongo tena. Kijicho nimekizika. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau: NIMEBADILIKA.

Jumatatu, 29 Desemba

Krismasi imepita, kioo kimefutwa, mama mkwe anataka salamu za mwaka mpya. Wifi akasema nichague mimi, peke yangu, yeye ataandika nitakachosema. Nikaguswa sana. Nikafikiri vizuri, nikasema Heri ya Mwaka Mpya.

Wifi akasema hapohapo, "Nzuri sana, wifi. Hiyo hiyo."

Hapohapo. Hakuwaza hata kidogo. Mtu anakubali upesi hivyo kwa nini? Tena akatabasamu. Mama mkwe akamwambia ana roho nzuri ya kuwaachia wengine. Yeye ndiye mwenye roho nzuri! Wazo nimetoa mimi, sifa kapata yeye kwa kunyamaza tu!

Nikasema kwamba, nikitafakari zaidi, Heri ya Mwaka Mpya imechakaa, kila duka limeiandika. Mwaka Mwema ndiyo yenye maana. Wifi akasema nayo ni nzuri. Nikasema basi si nzuri kiasi hicho. Tumebishana saa nzima, mimi nikijibishia mwenyewe pande zote mbili, mpaka mama mkwe akachukua mkoba wake akaenda nyumbani kulala mchana.

Kioo kimekaa kitupu. Wateja wawili wameshageuka njiani wakidhani tumefunga.

Anadhani ataniweza kwa wema? Kesho asubuhi naanza kukusanya watu wangu. Nitaanza na mume wangu. Bado hajui kwamba yuko upande wangu, na mimi bado sijaamua ni upande upi.